Likiwa Butu, Ukiwa Butu: Uhakiki wa Msaada katika Chemshabongo

Tangu muhula uliopita, walimu wa mwaka wa kwanza wamekuwa wakibandika kwenye ubao wa matangazo wa Idara chemshabongo ya kila siku, iliyokatwa kutoka katika gazeti la Kiswahili linalotufikia kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwanafunzi anayeirejesha ikiwa imejazwa hupata alama chache katika mazoezi yake ya darasani. Jambo hili limepokewa vizuri, lakini limezua mjadala ambao haujaisha katika chumba cha walimu: je, mwanafunzi aruhusiwe kutafuta msaada? Wapo wanaosema kwamba anayemwuliza mwenzake, anayefungua kamusi au anayechungulia simu amedanganya, na karatasi yake haistahili alama. Wapo wanaosema huu ni mchezo tu, basi kila mtu na ajisaidie apendavyo.

Nionavyo mimi, pande zote mbili zimeruka swali lenyewe, yaani: msaada upi? Msaada wa kwanza anaoupata mfumbuaji hautoki kwa rafiki wala kwenye kamusi. Unatoka kwa mtunzi, umo ndani ya kidokezo chenyewe, na katika Kiswahili msaada huo una uzito kuliko katika lugha ambayo mchezo huu ulizaliwa ndani yake. Kwa bahati mbaya watunzi wetu wengi hawautoi, na sisi walimu hatuwafundishi wanafunzi kuutafuta hata pale unapokuwapo.

Chemshabongo ya mraba tuliyo nayo ni mgeni kutoka Kiingereza. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ndiye aliyechapisha ya kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. The Times la London lilianza kuchapisha ya kwake mwaka 1930, na The New York Times, ambalo kwa muda mrefu liliuona mchezo huu kuwa upotevu wa wakati, halikuikubali hadi mwaka 1942. Mgeni huyo alikuja na desturi za kwao. Mojawapo ni imani kwamba mfumbuaji aliyekwama huokolewa na herufi za maneno yanayokatiza. Katika Kiingereza imani hiyo ina msingi, kwa kuwa neno laweza kuishia na karibu herufi yoyote, hivyo ukipata K au Y mwishoni umepata habari kubwa.

Katika Kiswahili hali ni tofauti. Karibu kila neno huishia na irabu, na irabu zetu ni tano tu. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu huishia na -a. Hivyo basi, mwanafunzi aliyepata A katika kisanduku cha mwisho hajapata kitu. (Asipoipata A, na kidokezo kinataka kitenzi, hapo amepata kitu: pengine ni kitenzi chenye asili ya Kiarabu kama samehe, safiri au jaribu. Sijawahi kumsikia mwalimu akilisema hili darasani, ingawa ni msaada wa bure.)

Chukua visanduku vitano. Mfumbuaji wetu amejaza maneno yote yanayokatiza isipokuwa moja, na amebaki na hivi: kisanduku kitupu, kisha E, M, B, E. Katika Kiingereza mtu mwenye herufi nne kati ya tano huwa ameshamaliza. Kwetu bado ana JEMBE, PEMBE, SEMBE, TEMBE na WEMBE, na pengine msomaji atayakumbuka mengine. Herufi nne hazikumwokoa. Kitakachomwokoa ni kidokezo, wala si maana yake tu. Tazama vidokezo hivi viwili:

Likiwa butu lamtesa mwenye kulitumia.
Ukiwa butu wamtesa mwenye kuutumia.

Maana ni moja. Kinachobadilika ni kiambishi tu, na kiambishi hicho kinatosha. Cha kwanza ni JEMBE, kwa kuwa jembe limo katika ngeli ya LI-YA. Cha pili ni WEMBE, kwa kuwa wembe umo katika U-ZI. Mwanafunzi anayejua ngeli hahitaji kumwuliza mtu. Jibu ameshapewa nusu, tena kwa haki, maana hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayeweza kuisema sentensi hiyo bila kuitoa siri. Kiingereza hakina chombo hiki. Mtunzi wa New York hawezi kuandika kitu ambacho kwa sarufi yake tu kitamtenga jembe na wembe.

Nilipowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kidokezo cha kwanza, karatasi saba zilirudi na WEMBE. Miandiko saba, kosa moja. Mmoja alikosea, wengine sita wakapokea. Si kuomba msaada kulikonishangaza, bali ni kwamba kati ya watu saba hakuna hata mmoja aliyeisikia "li" iliyorudiwa mara tatu katika sentensi ya maneno matano.

Hapa lazima tuwatendee haki wanafunzi wetu, kwa kuwa hawaanzii mahali pamoja. Msemaji wa Kiganda amezaliwa na ngeli masikioni. Kwake "ki" na "li" ni watu wa nyumbani. Hata hivyo U ya Kiswahili humsumbua, kwa sababu imebeba mizigo mitatu ambayo katika lugha yake imetenganishwa: penye "gu", "lu" na "bu" za Kiganda, Kiswahili kina "u" moja. Ndiyo maana kidokezo "Ukiwa butu" chaweza kuwa WEMBE, lakini pia MUNDU, ambao umo katika ngeli ya U-I, na UPANGA pia ikiwa visanduku ni sita. Mwanafunzi anayetoka katika Kiacholi au Kilugbara, lugha ambazo hazina ngeli za namna hii, yuko mbali zaidi. Kwake kiambishi ni kelele hadi afundishwe kuwa ni habari. Ukimnyima msaada kwa jina la uadilifu, umempendelea mwenzake ambaye msaada alizaliwa nao.

Turudi kwa watunzi, kwa kuwa lawama nyingi ni yao. Vidokezo vinavyochapishwa katika magazeti yetu aghalabu ni vya aina mbili, na zote mbili hukwepa upatanisho wa kisarufi.

Aina ya kwanza ni ya "hu": Hukatia nyama. Hupikia chakula. Hufunika kichwa. Kiambishi cha mazoea "hu" hakichukui kiambishi cha nafsi wala cha ngeli, kwa hiyo hakisemi lolote kuhusu mtenda. Kisu hukata, panga hukata, wembe hukata. Simkatazi mtunzi kukitumia. Mtunzi hodari anaweza kukitumia makusudi kama pazia. Lakini pazia likitundikwa kwenye kila dirisha, nyumba inakuwa giza, na ninapohesabu vidokezo thelathini na kukuta ishirini vimeanza na "hu", naona uvivu.

Aina ya pili ni ya "kifaa cha", "chombo cha", "mahali pa", "hali ya". Kifaa cha kukatia miti. Mwanafunzi mwangalifu, yule tuliyemfundisha kutazama upatanisho, anaiona "cha" na kuanza kutafuta neno la KI-VI. Hatalipata, kwa sababu jibu ni SHOKA. "Cha" hiyo inapatana na kifaa, haipatani na jibu. Kidokezo kama hiki humwadhibu anayejua na kumwacha salama asiyejua. Angeandika "La kukatia miti", basi. Maneno matatu na msaada kamili.

Viumbe hai ni habari nyingine. Kwa kuwa wanyama wote huchukua upatanisho wa A-WA, kidokezo "Yuko mtoni na meno yake yanatisha" hakitatenganisha MAMBA na KIBOKO, na hapo idadi ya visanduku ndiyo inayoamua. Lakini mtunzi mwenye sikio la lugha anaweza kuugeuza udhaifu huo kuwa ladha. Fikiria visanduku sita na kidokezo hiki: Hiki huchapa, huyu huogelea. KIBOKO cha kuchapia kimo katika KI-VI. Kiboko wa mtoni ni wa A-WA. Neno ni moja na upatanisho ni miwili, na mwanafunzi anayecheka baada ya kulipata hatasahau tena kwamba ngeli hufuata maana kama inavyofuata umbo.

Kuna pia kidokezo cha kisawe kitupu, ambacho nakiona kuwa kibaya kuliko vyote. Kinyume cha huzuni. Ikiwa visanduku ni saba, je, ni SHANGWE au NDEREMO? Mtunzi anajua alichokiandika, sisi tunakisia. Hapo mfumbuaji hana budi kutegemea herufi zinazokatiza, na tumeshaona jinsi zinavyosaidia. Tena tusisahau suala la herufi zenyewe. Je, SH ni kisanduku kimoja au viwili? Wawelsh huziandika herufi zao pacha katika kisanduku kimoja, na kila mfumbuaji wao analijua hilo kabla hajashika kalamu. Kwetu desturi ni viwili, lakini ritifaa ya NG' haina makao: mtunzi huyu anaiacha, yule anaibana pamoja na G. Akiiacha, NG'OA ya kung'oa mti inakuwa sawa na NGOA ya kulilia ngoa. Hakuna rafiki wala kamusi inayoweza kumsaidia mtu katika jambo ambalo mtunzi hakuliamua.

Napenda kuongeza, ingawa ni nje kidogo ya mada, kwamba kisanduku cha herufi moja hakikuteremshwa kutoka mbinguni. Wajapani hujaza herufi zao za kana, ambazo kwa jumla kila moja ni silabi. Kiswahili chenye silabi wazi kingeweza kufanya hivyo: KI-TA-BU katika visanduku vitatu. Neno linalokatiza lingetoa silabi nzima, na msaada wake ungekuwa mkubwa maradufu. Wala kucheza na silabi si jambo geni pwani. Mchezo wa kinyume, ambao silabi ya mwisho hutangulizwa mbele ili asiyehusika asielewe, ni wa zamani. Edward Steere alitia mfano wake katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja, Swahili Tales, uliochapishwa London mwaka 1870. Kwa mchezo huo kata inakuwa taka. Watu hao hawakugawa neno kwa herufi.

Sasa tuje kwenye misaada ya nje, tukianza na kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981, kisha 2004 na 2013) imo maktabani, na Kamusi Kuu ya BAKITA (2015) pia. Anayesema kuifungua ni udanganyifu hajawahi kumtazama mwanafunzi akiifungua. Ili aipate LILIA ni lazima ajue kwamba imetoka kwenye "lia". Ili aipate NYEMBE ni lazima arudi kwenye "wembe". Kila safari ya kwenda kwenye kamusi ni somo la mofolojia. Zaidi ya hayo, kamusi ya TUKI hutoa msaada ule ule tunaouzungumzia: mbele ya kila nomino huwekwa mabano yenye viambishi vya upatanisho, [li-/ya-] kwa jembe, [u-/zi-] kwa wembe. Wanafunzi huyaruka mabano hayo kana kwamba ni vumbi la mtambo wa kuchapia. Laiti wangejua, mabano hayo ndiyo ufunguo wa nusu ya chemshabongo.

Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed husaidia kwa namna nyingine, hasa kwenye vidokezo vile vya kisawe kitupu. Lakini haikupangwa kwa mfumbuaji. Waingereza wanavyo vitabu vinavyopanga maneno kwa idadi ya herufi, neno la herufi tano pamoja na wenzake. Sisi hatuhitaji kuharakisha kuviiga. Kitabu cha maneno ya herufi tano yanayoishia na A kingekuwa kinene mno kiasi cha kumchosha hata aliyekinunua.

Mwenzake mwanafunzi ni msaada mzuri au mbaya kutegemea anachoulizwa. "Wembe ni ngeli gani?" ni swali la lugha. "Namba tisa umejaza nini?" si swali la lugha.

Kuhusu simu nitasema machache. Zipo programu ambazo ukiziandikia _EMBE zitakuorodheshea maneno yote ya umbo hilo, na sina ugomvi nazo, maana anayepewa orodha ya matano bado ana kazi ya kuchagua, na atachagua kwa kiambishi. Zipo pia programu za akili unde ambazo hupewa kidokezo na kutoa jibu. Hujibu kwa sauti ya uhakika, na mara nyingine huleta neno la herufi saba penye visanduku vitano. Hata zinapopatia sizipendekezi kwa kazi hii, na sababu yangu ni ya zamani kuliko kompyuta.

Wazee wetu waliliona suala la msaada mapema. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira huitikia "Tega!", na kama wote wameshindwa, jibu halitolewi bure. Mtegaji hudai: "Nipe mji." Mshindwa humpa mji, na mtegaji huutalii kwanza, hujitapa kidogo, ndipo asemapo jibu. Watu wengi hufundisha kipengele hiki kama pambo la utendaji. Mimi naona ni kanuni ya msaada. Kushindwa kunaruhusiwa, na kuuliza pia kunaruhusiwa, lakini aliyeuliza atoe kitu mbele ya watu, ili jibu lililopokewa lisifanane na jibu lililotafutwa. Hata New York waliifikia kanuni hiyo kwa njia yao: katika miaka ya 1990 na baadaye, chini ya chemshabongo ya The New York Times palichapishwa namba ya simu ambayo mfumbuaji aliyekwama angepiga, akatozwa kwa dakika, na kupewa majibu ya vidokezo vitatu asivyoviweza. Vitatu tu, tena kwa pesa. Huo nao ulikuwa mji.

Programu ya simu haidai mji. Jibu la mwenzake lililonakiliwa ukumbini halidai mji. Ndiyo maana karatasi saba zilirudi na WEMBE.

Kwa hiyo, badala ya kupiga marufuku au kuachia, napendekeza Idara ifanye mambo mawili, na nimeshayajaribu katika kundi langu moja. La kwanza, kila mwanafunzi aandike pembeni mwa jibu jinsi alivyolipata: kwa maana, kwa upatanisho, kwa herufi zinazokatiza, kwa kamusi, au kwa kuambiwa. Aliyeambiwa haadhibiwi. Hutoa mji tu, na mji wenyewe ni sentensi mbili za Kiswahili zinazolitumia neno hilo, moja kwa umoja na nyingine kwa wingi. Aliyeandika "Nyembe zimekuwa butu" ameshalipa. Katika juma la tatu idadi ya walioandika "kwa upatanisho" ilianza kupanda, hasa miongoni mwa wanafunzi wanaotoka kaskazini, ambao hapo mwanzo hawakuiandika kabisa.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni kuacha kukata za magazeti hadi watunzi wao wajirekebishe, na kutunga za kwetu. Mwalimu anayetunga vidokezo ishirini vyenye upatanisho sahihi, bila "hu" zaidi ya tano na bila "kifaa cha" hata kimoja, atagundua kwamba ni kazi ya siku mbili. Tugawane. Sanduku la mapendekezo liko mlangoni pa ofisi ya katibu wa Idara, na kila kidokezo kiambatane na jibu lake katika bahasha iliyofungwa.

Cha kwanza natanguliza mimi, visanduku vinne, na mfumbuaji ajihadhari, kwa kuwa herufi hizo hizo zina maneno mengine matatu au zaidi yanayomngoja njiani: Mali imevurugika, sasa ni desturi. Jibu halitachapishwa katika toleo lijalo. Atakayeshindwa alete mji.